The Invaders ya Marvel, 1975–1979: ya kusoma, ya kuruka, na ya kuangalia kabla hujalipa

Anayetaka kujua kwa nini katuni hii, ya Captain America, Human Torch na Namor wakipigana kama kikosi kimoja katika Vita Kuu ya Pili, bado inasomeka baada ya karibu nusu karne asianze na toleo la kwanza. Afungue la 7, la Julai 1976. Ni mwaka 1942 ndani ya hadithi, London imezimwa taa kwa kuhofia ndege za Wajerumani, na katika giza hilo kuna kiumbe anayevizia watu na kuwanyonya damu. Anaitwa Baron Blood. Vazi lake la zambarau lina masikio marefu kama ya popo, na utando unatoka mikononi hadi kiunoni. Anamvamia binti mmoja, Jacqueline Falsworth, mashujaa wanamwokoa, naye anawapeleka nyumbani kwa baba yake, Lord Montgomery Falsworth. Pale mzee anafungua kinywa: yeye ndiye Union Jack, aliyepigana katika Vita Kuu ya Kwanza na kikosi kilichoitwa Freedom's Five, na Baron Blood alikuwa adui yake tangu wakati ule. Wanachokuja kugundua ni kwamba mnyonya damu ni wa nyumba hiyohiyo, John, ndugu wa Lord Falsworth, anayejifanya mtoto wa John ili umri wake usishangaze mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kinakaa nawe mezani.

Hadithi hiyo inakwenda hadi toleo la 9 na ndiyo moyo wa mfululizo wote. Blood anauawa, lakini Lord Falsworth anapondwa miguu na hawezi tena kuvaa vazi lake. Jacqueline, aliyekwisha kung'atwa, baadaye anaongezewa damu bandia ya Human Torch, mtu wa kutengenezwa anayewaka moto. Mchanganyiko wa vitu hivyo viwili unampa mbio za ajabu, na katika toleo la 12 anatokea kama Spitfire, jina la ndege ya kivita iliyoilinda Uingereza mwaka 1940. Ndugu yake Brian, aliyekwenda Ujerumani kabla ya vita akaishia gerezani, anarudi kama Destroyer, na kufikia toleo la 21 ndiye anayelivaa vazi la Union Jack aliloliacha baba. Katuni nyingi za mashujaa za wakati ule zilimaliza mambo ndani ya kurasa 17 au 18 kisha kila kitu kikarudi kilipokuwa. Hapa mtu akivunjika anabaki amevunjika, na mtoto ndiye anayebeba mzigo.

Mfululizo wenyewe ulikujaje? Roy Thomas, mwandishi aliyewahi kuwa mhariri mkuu wa Marvel, alikuwa mpenzi mkubwa wa katuni za miaka ya arubaini. Kampuni iliyokuja kuitwa Marvel ilikuwa na nyota watatu wakati wa vita: Human Torch wa Carl Burgos na Namor, mtawala wa baharini, wa Bill Everett, waliotoka pamoja katika Marvel Comics namba 1 ya Oktoba 1939, kisha Captain America wa Joe Simon na Jack Kirby, Machi 1941. Wasomaji wengi hudhani watatu hao walikuwa timu moja vitani. Hawakuwa. Walikutana kwenye majalada, na Torch na Namor walipigana zaidi ya mara moja, lakini kikosi rasmi, All-Winners Squad, kilitokea 1946, vita vikiwa vimekwisha, na kikafa baada ya hadithi mbili tu. Thomas aliwajaribu watatu hao pamoja katika The Avengers namba 71, Desemba 1969, pale mashujaa wa kisasa walipotupwa Paris ya 1941. Miaka sita baadaye akawapa kitabu chao: Giant-Size Invaders namba 1, Juni 1975, kisha mfululizo wa kawaida kuanzia Agosti 1975 hadi toleo la 41, Septemba 1979.

Giant-Size ni lango zuri, ingawa si kazi bora ya kundi hili. Pearl Harbor imetoka kushambuliwa, Captain America na msaidizi wake kijana, Bucky, wanaungana na Human Torch, msaidizi wake kijana, Toro, na Namor kumlinda Winston Churchill dhidi ya Master Man, mwanajeshi aliyetengenezwa na Wanazi kwa kuiga dawa iliyomtengeneza Captain America. Churchill ndiye anayewapa jina. Ukilitafsiri ni Wavamizi, na maana yake ni kwamba hawatakaa kujilinda, watakwenda kuivamia Ulaya iliyotekwa. Mtu asipoliona hilo mapema atashangaa kwa nini watu wema wameitwa jina la wabaya.

Sasa tuseme kuhusu picha, maana hapa ndipo wasomaji wengi hukwama na kukirudisha kitabu kwenye rafu. Mchoraji mkuu ni Frank Robbins, aliyeanza kuchora Johnny Hazard magazetini mwaka 1944 na akaendelea nayo hadi 1977. Mkono wake ni wa shule ya Milton Caniff, mchoraji wa katuni za magazetini: brashi nene, weusi mwingi, vivuli vinavyokula nusu ya uso. Aliyezoea miili laini na iliyonyooka ya John Buscema au John Romita, wachoraji wengine wa Marvel, ataona watu wa Robbins wamekunjwa kama nguo zinazokamuliwa. Vidole vimetawanyika, magoti yamepinda, vinywa viko wazi, mikunjo ya suti inakimbia kuelekea upande ambao mtu anaruka. Captain America wake hasimami kwa picha hata siku moja. Mikunjo hiyo ina kazi. Fuata mistari ya vazi kwenye fremu moja ya mapigano na utaona inakuonyesha ngumi imetoka wapi na inakwenda wapi, kabla hujasoma puto la maneno hata moja. Ukikosa kuona hilo, picha zinaonekana zimekosewa. Ukiliona mara moja, huwezi tena kuacha kuliona.

Ni kweli pia kwamba wino wa matoleo ya mwanzo haukumsaidia. Vince Colletta, aliyepitisha wino juu ya penseli ya Robbins, alikuwa na mstari mwembamba wa kalamu na sifa ya kufuta vitu vya nyuma ili kuwahi muda. Kalamu nyembamba juu ya penseli ya Robbins inaacha mifupa bila nyama. Frank Springer aliposhika kazi ya wino, weusi ukarudi mahali pake. Majalada kadhaa ya mfululizo huu ni ya Jack Kirby, na hilo lina uzito wake: Kirby alikuwa mmoja wa wawili waliomwumba Captain America, kisha mwenyewe akapigana Ufaransa mwaka 1944 kama askari wa miguu. Mizinga na helmeti kwenye majalada hayo zimechorwa na mtu aliyeziona vitani.

Toleo la 13, la Februari 1977, ndilo la kumpa mtu asiyesoma katuni kabisa. Kikosi kimekwenda Warszawa, ndani ya mtaa ambamo Wayahudi wamefungiwa, na kimekamatwa. Anayekiokoa ni Jacob Goldstein, msomi wa mtaa huo, anayegeuka kuwa Golem, mtu wa udongo wa masimulizi ya kale ya Kiyahudi, na neno la Kiebrania lenye maana ya kweli likiwa limeandikwa kwenye paji lake la uso. Mashujaa wenye nguvu zote wamefungwa minyororo, na mwenye mtaa ndiye anayewafungua. Thomas angeweza kumfanya Captain America mkombozi wa kila mtu. Hapa alijizuia, na ukurasa ukawa mzito kwa sababu hiyo.

Baada ya Warszawa inakuja safari ya Berlin, matoleo ya 16 hadi 21. Wajerumani wanamteka askari wa Kimarekani aliyewahi kuandika katuni ya mwanajeshi mwenye nguvu, wakidhani anaijua dawa ya kweli. Kutokana na kumhoji anazaliwa Warrior Woman. Kuna Hitler, kuna mapigano ya anga, kuna Destroyer. Ni ndefu kidogo, na toleo la 20 na la 21 yalipunguzwa kurasa mpya ili kubandika hadithi za zamani za Namor. Msomaji wa 1977 alilalamika kwa haki. Wa leo anazo zote mkononi, apite tu.

Kabla ya hapo, matoleo ya 14 na 15, yamo mapambano na Crusaders, kikosi cha Uingereza. Bila kujua siri yake yanaonekana ya kawaida. Siri ni kwamba Crusaders ni sura ya Freedom Fighters, kikosi cha mashujaa cha DC, kampuni inayoshindana na Marvel, na waandishi wa DC nao walijibu kwa kuwachora Crusaders wao wanaofanana na Invaders. Ni utani wa marafiki walioajiriwa na kampuni zinazoshindana.

Kwa msomaji wa Afrika kuna matoleo ya 23 na 25, yanayofanyika Misri. Dakta Abdul Faoul, mtaalamu wa mambo ya kale, anapata nguvu kutoka kwenye kidani cha mbawakawa na kuwa Scarlet Scarab. Mwanzoni anashirikiana na Wajerumani, na sababu yake si ubaya: anataka Waingereza waondoke nchini kwake. Anawageuka Wanazi anapoona wanavyowaua Wamisri. Kwa katuni ya Marekani ya 1977, kumpa Mwafrika hoja ya kupinga ukoloni na kuiacha hoja hiyo isimame ni jambo la kusifiwa. Lakini Afrika ya mfululizo huu inaishia hapo. Mwaka huohuo wa 1942 askari wa keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika walikuwa wakipigana Madagaska, na hawaonekani hata kwenye pembe ya fremu. Vita hivi ni vya London, Berlin na Washington. Kumbuka pia kuwa toleo la 24 limekaa katikati ya hadithi ya Misri na ni marudio matupu ya katuni ya 1941. Kosa la kawaida ni kusoma 23 na 24 kwa mfuatano na kudhani kuna kurasa zilizopotea.

Matoleo ya 26 hadi 28, ya 1978, yanastahili kusomwa polepole. Toro amepigwa risasi na yuko mahututi. Daktari pekee anayeweza kumpasua ni Sam Sabuki, Mmarekani mwenye asili ya Japani. Bucky anampeleka Toro hadi Marekani na kumkuta daktari huyo kambini, nyuma ya seng'enge, pamoja na binti yake Gwenny Lou. Kambi hizo si za kubuni. Rais Roosevelt alitia saini amri yake tarehe 19 Februari 1942, na watu wapatao 120,000 walifungwa, wengi wao wakiwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Serikali iliomba radhi kwa sheria mwaka 1988, miaka kumi baada ya katuni hii. Bucky, kijana aliyelelewa na jeshi, anauliza maswali ambayo hapati majibu yake. Mwisho wake Gwenny Lou na rafiki yake mweusi, Davey Mitchell, wanapata nguvu na kuunda kikosi cha vijana na Bucky na Toro. Ni ya haraka mno, fremu chache zaidi zingefaa, lakini jambo lenyewe limesemwa wazi. Msomaji ajiandae pia kwa lugha: wahusika wanawaita Wajapani na Wajerumani kwa majina ya dharau yaliyokuwa ya kawaida 1942, na picha za maadui wa Kijapani hazijaepuka dhihaka ya enzi ile. Ukimpa mtoto, mweleze kwanza.

Kuanzia toleo la 29 kitabu kinabadilika. Robbins ameondoka na Alan Kupperberg anachora, na uandishi unapita kwa Don Glut. Kupperberg ni nadhifu na hana tatizo la kueleweka, ila wino wake haupumui. Hadithi zinageuka kuwa adui mmoja baada ya mwingine: Frankenstein katika la 31, Thor akiitwa na Hitler katika la 32 na 33, Iron Cross kuanzia la 35. Zinapitisha muda. Toleo la 41, lenye kurasa maradufu, linawakusanya Baron Blood aliyerudi kutoka kaburini, Master Man, U-Man na Warrior Woman kuwa kundi moja, na kama hitimisho linatosheleza. Kwa mwenye pesa kidogo ushauri ni huu: nunua 7 hadi 9, 11 hadi 13, 16 hadi 21, 23, 25, kisha 26 hadi 28. Hizo ni 17, na ndizo zinazobeba kitabu. La 10 sehemu yake kubwa ni marudio ya hadithi ya Captain America ya miaka ya arubaini. Liache hadi mwisho.

Kuna mtego wa mpangilio unaowapata wengi. Matoleo ya 5 na 6 ni nusu tu ya hadithi. Nusu nyingine iko kwenye katuni nyingine ya Marvel, Marvel Premiere namba 29 na 30. Red Skull, Mnazi aliye adui mkuu wa Captain America, amewateka akili wakubwa wote na Bucky analazimika kuunda kikosi kingine, Liberty Legion, kuwakabili. Soma Invaders 5, kisha Premiere 29, kisha Invaders 6, kisha Premiere 30. Ukisoma Invaders pekee, utakuta la 6 limeanza katikati na la 7 limeanza kana kwamba hakuna kilichotokea. Annual, toleo nene la mwaka, ya 1977 isomwe mara tu baada ya The Avengers 71, maana inasimulia tukio lilelile upande wa pili. Humo mna zawadi: Alex Schomburg, aliyechora majalada ya mashujaa hawa wakati wa vita vyenyewe, amechora upya jalada na sehemu ya Human Torch.

Kuhusu kununua. Njia nyepesi ni vitabu viwili vya Invaders Classic: The Complete Collection vya 2014. Cha kwanza kinafika toleo la 22 na kina Giant-Size, Annual na zile Premiere mbili. Cha pili kinamalizia. Kasoro yake ni rangi. Katuni hizi zilichapwa kwa nukta za rangi nne juu ya karatasi ya gazeti, na mchapaji alihesabu kwamba karatasi itanyonya wino na kuupooza. Rangi zilezile juu ya karatasi nyeupe zinapiga kelele, nyekundu ya Human Torch hasa, na vivuli vya Robbins vinapoteza ukungu wake. Kwa kusoma hadithi vinatosha kabisa. Kwa kuona Robbins alivyokusudia, tafuta japo nakala moja ya zamani.

Katika nakala za zamani, la 7 ndilo lenye bei kubwa kuliko majirani zake kwa kuwa Union Jack na Baron Blood wanatokea mara ya kwanza. Angalia bei iliyochapwa kwenye jalada. Marvel ilijaribu kupandisha bei katika miji michache ya Marekani kabla ya kuipandisha kote, kwa hiyo matoleo ya 6 na 7 yapo ya senti 25, ya kawaida, na ya senti 30, ambayo ni adimu. Vilevile 17 hadi 21 ni ya senti 30, na machache ya senti 35. Tofauti hiyo huzidisha bei mara nyingi. Muuzaji akikuletea la 8 la senti 30 au la 22 la senti 35 akilisifia kuwa adimu, mkatalie: hiyo ndiyo bei ya kawaida ya matoleo hayo. Zenye bei ya pensi zilichapwa kwa ajili ya Uingereza kwenye mashine zilezile na wakati uleule, si marudio.

Fungua kila nakala kabla ya kulipa. Kwanza katikati: ile karatasi ya kati huchomoka kwenye pini, na picha za jalada mtandaoni haziwezi kukuonyesha. Pili, geuza kurasa za barua za wasomaji. Kati ya 1974 na 1976 Marvel ilichapa stempu za kukatwa na kubandikwa, na watoto walizikata kweli. Nakala iliyokatwa huonekana nzima kwa nje huku nyuma ya tundu hadithi imepungua. Tatu, pini. Kutu ikishaanza hula karatasi pembeni yake, nayo husambaa.

Anayeishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja ana adui mkubwa kuliko muda, nao ni unyevu. Karatasi ya gazeti ina asidi inayoigeuza njano, na hewa ya pwani inaharakisha kazi hiyo na kuleta ukungu. Mfuko uwe wa polipropilini au polyesta, usiwe wa PVC, ambao hutoa mvuke na kunata kwenye jalada. Ndani weka kadibodi isiyo na asidi. Kadibodi ya maboksi ya sabuni itachora doa la kahawia mgongoni mwa kitabu ndani ya miaka michache. Boksi liinuliwe kutoka sakafuni, likae mbali na ukuta wa nje, na vipakiti vya silika vibadilishwe au vikaushwe vinapobadilika rangi. Usiguse mchaniko kwa selotepu. Gundi yake hupenya, huwa njano, na mchaniko mdogo ambao ungepunguza thamani kidogo unakuwa doa la kudumu.

Kitabu kimoja cha mwisho cha kuongeza kwenye rafu hakina jina la Invaders katika kichwa chake: What If namba 4, Agosti 1977, toleo la katuni ya Marvel ya hadithi za "ingekuwaje kama", ya Thomas na Robbins haohao. Tangu 1964 Marvel ilikuwa imesema Captain America aligandishwa barafuni vita vikikaribia kwisha, sasa yule wa katuni za 1946 alikuwa nani? Thomas anajibu kwa kuwavalisha vazi hilo watu wengine wawili, wa kwanza wao akiwa Spirit of '76, yuleyule wa Crusaders wa toleo la 14. Isome baada ya toleo la 41.